Nani Mwingine Kama Si Mimi

Mke wa fundi redio aliingia dukani kwa Dobi asubuhi, macho yamevimba, akasema amefuata suti ya marehemu. Hakutaka kiti. Alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, mkono mmoja ameshika ukingo wa meza. Suti ile iliachwa hapo fundi redio akiwa bado mzima, akitamba kwamba akitoka hospitali ataivaa kwenye harusi ya binti yake. Hakutoka. Sasa angeivaa kesho, ndani ya jeneza.

"Pole sana, shoga yangu," Dobi alisema. "Iko tayari. Nimeipiga pasi kwa mkono wangu."

Akageuka kwenye bomba la chuma ambako suti hutundikwa. Akasukuma koti moja, la pili, la tatu. Akarudia upya, polepole. Akainama kutazama chini ya rafu, na hapo ndipo mjane alipoanza kupumua kwa nguvu.

Dukani kwa Dobi haliandikwi jina la mtu. Tangu enzi za baba yake, kila mteja ana uzi wake: mshono mdogo wa rangi, ndani ya kola au kiunoni mwa suruali, ambao mwenye nguo hauoni hata akiutafuta. Ukiuona uzi, umemwona mtu. Baba alizijua nyuzi zote kichwani, Dobi naye anazijua, lakini aliyewashinda wote wawili ni mdogo wake. Akiwa kijana alikuwa akitupa jicho mara moja kwenye rundo la nguo chafu na kukutajia nyumba zote za mtaa. Watu wakampachika jina la Kompyuta. Baadaye akaingia kwenye unga wa kulevya, akapotelea huko, akarudi, akaacha. Jina alirudi nalo, ila siku hizi watu hulitamka huku wakikonyezana.

"Kompyuta," Dobi aliita. "Njoo huku."

Alikuja kutoka uani akiwa anajifuta mikono kwenye suruali, povu la sabuni bado liko kwenye viwiko. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya kuudhi, kila neno lazima alitangulize na samahani.

"Suti ya kijivu ya fundi redio iko wapi?"

"Samahani, ya kijivu?" Akatazama bomba. "Nimepeleka, dada."

"Umempelekea nani? Mwenyewe huyu hapa."

Kompyuta akamtazama mjane kwa upole, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Mwanamke huyo alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Ameuza," mjane akasema. Hakupaza sauti, lakini muuza mkaa wa jirani alikuwa ameshasogea mlangoni, na nyuma yake walikuwa wameshajaa wengine, maana mtaa ule hauna kazi nyingine mtu akiaibika. "Mume wangu yuko kwenye barafu anasubiri nguo, na hili teja lenu limeuza. Nilikwambia, shoga. Nilikwambia usimrudishe dukani."

"Sema umepeleka wapi," Dobi akamwambia mdogo wake.

"Ninafikiri, dada."

"Usifikiri. Sema."

Akafumba macho. Unaweza kumwona mtu akitafuta kitu chumbani, anafunua hiki, anainua kile. Kompyuta alikuwa akitafuta hivyo mbele ya watu wote, na chumba kilikuwa kitupu. Mlangoni mtu akacheka. Kompyuta akafumbua macho, akamtazama aliyecheka, akamtazama mjane, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama:

"Basi nimeuza. Nisameheni. Nimeuza."

Dobi akamzaba kofi. Mkono ulikuwa na joto la pasi. Mlangoni, baadhi ya watu walionekana kuridhika.

*

Alikwenda mwenyewe kwenye kona ya nyuma ya gereji mbovu, mahali ambapo mwanamke mwenye heshima zake hapiti. Hakuwa na njia nyingine. Kama suti imeuzwa, imeuzwa hapo, na kama bado ipo, atainunua kwa chochote atakachodaiwa. Vijana waliokaa kwenye matairi walimpisha. Mmoja alikuwa amelala kwa kusimama, kiuno kimekunjika, mate yanachuruzika. Dobi alimjua mama yake.

Muuzaji wa hapo wanamwita Daktari. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, shati safi, viatu safi, anakula karanga.

"Shikamoo, dada," akasema. "Leo tumepata mgeni."

"Sijaja kusalimiwa. Mdogo wangu amekuletea suti. Ya kijivu. Nipe."

"Mdogo wako hajafika hapa tangu alipoacha."

"Usinifanye mtoto."

"Sina sababu ya kukudanganya. Angekuja ningempokea, biashara ni biashara." Akatupa maganda chini. "Juzijuzi nilikutana naye barabarani na furushi lake. Nikamsalimia. Unajua alinijibu nini? Samahani kaka, tunajuana wapi? Mimi, niliyekuwa naye miaka yote ile. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Dobi alimtazama mtu yule akicheka tena, na hasira iliyompanda haikuwa ile aliyokuja nayo. Ile ya kwanza ilikuwa ya suti. Hii ilimfanya atake kuokota jiwe. Mtu amemlisha ndugu yake sumu mpaka amemfuta kichwani, halafu anaona ni kichekesho kwamba na yeye mwenyewe amefutika humo.

"Ungekuwa na haya ungelia," akamwambia. Akaondoka, na nyuma yake wakapiga mluzi.

*

Mama yao alikuwa chumbani anachambua mchele kwenye ungo. Dobi alipita bila kusalimia, akavuta begi la Kompyuta kutoka chini ya kitanda, akaanza kulishindilia nguo.

"Unamfukuza?" mama akauliza.

"Anakwenda kwa baba mdogo. Au arudi kwenye nyumba ya mateja wanaoacha unga. Popote. Hapa hakai. Nimeaibishwa mbele ya mtaa mzima, mama. Mjane wa watu amesimama dukani kwangu anatetemeka."

"Hakuuza."

"Amekiri mwenyewe kwa kinywa chake."

"Anakiri kila kitu siku hizi," mama akasema. Akauweka ungo chini. "Mwezi uliopita jirani alipoteza kuku, nikamkuta ameshakwenda kuomba msamaha. Kuku mwenyewe alikuwa ametaga nyuma ya tangi."

Dobi akaacha kushindilia. Alimjua mama yake. Mama huyu hamwagi mtama mpaka gunia lenyewe lipasuke.

"Kuna nini, mama?"

Mama alijipangusa unga wa mchele kwenye vidole, kimoja kimoja. "Ile mara ya mwisho alipozidisha, wakamkuta mtaroni midomo imebadilika rangi. Unakumbuka. Muuguzi aliniita pembeni. Alisema amekaa muda mrefu bila pumzi, na ubongo ukikosa hewa kuna sehemu zinakufa. Na unga wenyewe ulikuwa umeshamla kabla ya siku hiyo. Akasema akiacha, vingine vitarudi polepole. Vingine havitarudi. Vya zamani kabisa vinaweza kubaki, vya jana visikae."

"Akasema nini tena?"

"Akasema tumpe kazi ya mikono. Tusimpe kazi ya kukumbuka."

Dobi alikuwa akijiona mwenyewe, kila siku, akimtwika mdogo wake mafurushi: hili kwa mwalimu, hili kwa fundi saa, lile nyumba ya geti la kijani. Na yeye akiitikia, ndiyo dada, samahani dada, akitoka akiwa amekaza uso kama mtu aliyebeba maji yasimwagike.

"Ulijua," akasema. "Ulijua, ukaniacha nimtume. Ukaniacha nimpige mbele za watu."

"Ungempokea dukani kama ningekwambia?"

"Ningempa kazi ya kufua tu, akae uani!"

"Ungempa. Halafu watu wangesema amepona unga, sasa ni punguani. Mtu aliyeacha unga anaweza kupata mke, anaweza kupata kazi. Punguani hapati kitu. Nilitaka apone kwanza, mwanangu. Nilidhani atapona."

"Sasa anaitwa mwizi. Hilo unaliona ni bora?"

Mama alianza kulia, na Dobi hakumbembeleza. Kuna machozi yanayokuja yakiwa yamechelewa sana, na mtu mwenye hasira hana kitambaa cha kuyafutia.

*

Kompyuta alikuwa amerudi kwenye karai lake uani, anafua kama hapakutokea kitu. Shavu lilikuwa limevimba.

"Uliuza kwa nani?" Dobi akamuuliza. Safari hii alichutama, akawa usawa wake.

"Sijui, dada."

"Kama hujui, kwa nini unasema uliuza?"

Akalikamua shati, akalikung'uta. "Wewe fikiria. Suti haipo. Niliyeishika ni mimi. Nilikuwa ninauza vitu vya humu ndani; hayo ninayakumbuka yote, redio ya baba, pete ya mama, yote. Halafu mimi mwenyewe sijui jana nimefanya nini. Sasa nani mwingine kama si mimi?"

Alilisema hilo bila kujihurumia, kama hesabu aliyoipiga na kuihakiki. Dobi akasimama haraka, akaingia dukani, maana hakutaka kumlilia usoni.

Alianza kukagua rafu. Akafunua kola ya shati la kwanza: uzi wa njano wa fundi saa, na pembeni yake uzi mwekundu ambao yeye hakuushona. Shati la pili, la mwalimu: wa zambarau, na mwekundu pembeni. Mashuka, suruali, gauni la muuguzi. Kila nguo ilikuwa na mwekundu, mishono midogo safi, kazi ya mkono uliofundishwa vizuri.

"Hizi nyekundu umeshona wewe?" akauliza mlangoni.

Kompyuta akaja, akautazama uzi kwa makini. "Ni mkono wangu."

"Za nini?"

"Nilikuwa nimeanza kupoteza. Nikaona nitie alama yangu, nisisahau."

"Usisahau nini?"

Akafikiri sana. "Nilijua wakati ninashona," akasema.

Dobi akarudi kwenye rafu. Hapo ndipo alipoyaona mashati ya karani wa ofisi ya maji, yamekunjwa, uzi wa kijani kwenye kila kola, yamekaa kimya kabisa. Yalimshangaza kwa kuwapo kwake. Mapema wiki hiyo alimtuma Kompyuta achukue mashati hayo ampelekee karani. Kama mashati yako hapa, furushi lililokwenda lilikuwa na nini? Na karani mwenyewe, mtu ambaye shati likichelewa nusu siku anakuja kugonga meza kwa ufunguo wa pikipiki, mbona hajaja kuyauliza?

*

Karani alifungua mlango akiwa na fulana na suruali ya kijivu. Suruali ilimbana kidogo tumboni. Alipomwona Dobi alirudi nyuma hatua moja, kisha akajirekebisha, akatabasamu.

"Karibu, mama wa kazi. Mashati yangu tayari?"

"Suruali hiyo ni ya nani?"

"Hii?" Akajitazama kana kwamba imeota mwilini sasa hivi. "Kijana wako ndiye aliyeleta. Aliniambia ni yangu."

"Wewe hujui nguo zako?"

"Nilidhani umenitunuku. Mteja wa miaka mingi." Akacheka peke yake. "Sasa mtu kakuletea kitu mlangoni, tena kakisisitiza, utamfanyaje? Nilimuuliza, una uhakika? Akasema ndiyo, mzee. Kesho yake nikakutana naye, nikamuuliza uliniletea nini jana, akasema mashati. Nikaona basi, mambo yamekwisha."

Kwa hiyo alimpima. Dobi alilisikia hilo vizuri. Mtu mzima, mwenye watoto, mwenye kiti ofisini, alimpima mgonjwa akaona kweli hakumbuki, akajitwalia. Na mara Dobi akakumbuka wengine: muuza mkaa aliyeapa kwamba alishalipa, na kwamba Kompyuta ni shahidi, yule mama wa saluni aliyedai aliacha mashuka manane, wakamlipa mawili ambayo hayakuwahi kuwapo. Wote walikuwa wamegundua siku nyingi, kabla ya yeye dada mtu. Walikuwa wakimla mdogo wake kidogokidogo huku wakimwita mwizi.

"Habari ya suti ya marehemu imezunguka mtaa mzima tangu asubuhi," akasema. "Na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ulisikia."

Karani akaacha kutabasamu. Alitazama barabarani kushoto na kulia, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Koti sijalivaa. Nakupa zote sasa hivi. Lakini jina langu lisitajwe. Mimi ni mtu wa watu. Ukinitaja, nitasema alikuja kuniuzia, na neno la nani litaaminiwa? Langu au la teja?"

Dobi alijua litaaminiwa la nani. Maiti alikuwa anasubiri nguo. "Vua," akasema. "Sitakutaja."

Alisubiri nje, amegeukia ukuta. Suruali ilimfikia ikiwa bado na joto la mtu.

*

Aliifua upya, akaipiga pasi, akampelekea mjane. "Imepatikana," alisema, hakusema zaidi. Mjane aliikumbatia suti, akauliza, "Mliikomboa wapi?" na Dobi akainamisha kichwa. Jibu hilo lilitosha. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapanga hadithi: teja aliuza, dada mtu akakomboa, maskini dada mtu.

Kabla hawajala, alimketisha Kompyuta mbele ya mama yao, akamweleza yote. Hakuuza. Alikosea furushi. Karani alijua, akanyamaza. Kompyuta alisikiliza, akauliza tena, akaelezwa tena. Kisha akapumua pumzi ndefu, akala vizuri kuliko siku zote, na alipomaliza akaosha vyombo vya wote. Dobi alilitoa lile begi kitandani, akarudisha nguo kabatini. Alijiambia yamekwisha. Heshima ya mdogo wake ameibadilisha na suti, ndiyo, lakini mwenyewe ukweli anao.

Asubuhi, Kompyuta alivaa shati jeupe kwenda mazishini, kimya, uso umemshuka. Dobi alidhani ni huzuni ya msiba.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba ya fundi redio. Jeneza lilikuwa wazi, na marehemu alikuwa amependeza ndani ya suti yake, amenyooka. Karani alisimama karibu na kipaza sauti, koti jeusi, anawaelekeza watu wapite, wasisukumane, wamfariji mjane. Alimwona Dobi, akampa salamu ya kichwa.

Zamu ya Kompyuta ilipofika, hakumpa mjane mkono. Alipiga magoti.

"Mama, nisamehe," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi cha kuyachukua maneno yake mpaka viti vya nyuma. "Niliuza suti ya mzee. Sijui nilimuuzia nani. Lakini niliuza mimi."

Mita mbili kutoka alipopiga magoti, suti ilikuwa imelala kwenye jeneza, na yeye alikuwa amepita mbele yake. Mjane aligeuza uso. Mama yao akaziba mdomo kwa kitambaa. Dobi akaelewa kwamba usiku ulikuwa umeyafuta yote aliyomweleza, ukamwachia kile kimoja tu, uzito wa kuwa mwizi. Huo ulikaa. Huo hakuna mtu aliyelazimika kumkumbusha.

Karani akasogeza kipaza sauti mdomoni. Sauti yake ilijaa huruma.

"Ndugu waombolezaji, tumsamehe huyu kijana," alisema. "Dawa za kulevya zimetuharibia watoto. Leo amepata ujasiri wa kukiri mbele ya marehemu. Nani kati yetu hana dhambi? Inuka, kijana wangu. Sisi kama kamati tumekusamehe."

Akamwekea Kompyuta mkono kichwani.

Dobi hakujua amefikaje mbele. Aliuondoa mkono ule kichwani mwa mdogo wake, akamnyang'anya karani kipaza sauti. Vidole vya karani vilikuwa vimelowa jasho.

"Jana nilitoa ahadi kwa mtu huyu, na sasa ninaivunja," alisema. "Mdogo wangu hakuuza kitu. Kichwa chake kimeumia, hakumbuki ya jana. Alibisha hodi kwa karani na furushi lisilo lake, na karani akalipokea. Suruali hiyo mnayoiona kwenye jeneza niliikuta mwilini mwake jana, nyumbani kwake, wakati marehemu yuko kwenye barafu anasubiri nguo. Na wengine wenu mliokaa hapo mnamfahamu mdogo wangu vizuri kama karani anavyomfahamu. Mnajijua. Nitawapitia mmoja mmoja."

Muuza mkaa alitazama viatu vyake. Mjane alikuwa ameinuka kitini, anamtazama karani, anazitazama zile pindo za suruali, anamtazama tena.

"Ni uongo," karani akasema, lakini bila kipaza sauti haikufika mbali.

Kompyuta alikuwa bado amepiga magoti. "Dada," akauliza polepole, "ni kweli sikuuza?"

"Muulize yeye."

Akamgeukia karani, akainua uso kwa adabu ile ile. "Samahani, mzee. Sikuuza?"

Dobi akamrudishia karani kipaza sauti, akakikandamiza mkononi mwake. "Mjibu," alisema. "Mwambie hapa, wote wasikie. Na kesho uje dukani umwambie tena, kwa sababu atakuwa amesahau. Na keshokutwa uje. Utakuwa ukija kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, mpaka siku atakapolikumbuka mwenyewe."

Watu wote walikuwa wamemkodolea macho karani. Kompyuta alikuwa akimsubiri, amekaza uso, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu asikidondoshe njiani.